Hoteli Inayompokea Karani

Mimi sina subira na vipeperushi vya matangazo, na mume wangu analijua hilo, lakini Jumapili ile alinimwagia saba mezani, juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata. Kila kimoja kina picha ya kitanda cheupe na mti mmoja.

"Chagua wewe, mama," akasema. "Mimi naona zote nzuri tu."

Huyu ni mtu anayesimama dukani nusu saa akichagua misumari. Nikajua hapa kuna jambo. Lakini na mimi nilikuwa na langu, kwa hiyo nikasogeza mkasi tu.

Tulikuwa tunapanga likizo ya wiki moja, ya kwanza tangu binti yetu ajifungue. Mkwe wetu yuko kazini mbali, binti amechoka hadi anasinzia akiwa anatafuna, tukasema twende sote mahali tukapumzike: sisi wazee wawili, yeye, mjukuu wa miezi kumi anayetambaa kama anafukuzwa, na Karani.

Karani ni mbwa wetu. Alipewa jina hilo kwa sababu tangu mdogo husimama mlangoni akamkagua kila anayeingia, mkoba kwanza, viatu baadaye, ndipo anampisha apite. Binti ndiye aliyemleta, akiwa darasa la sita, kamficha ndani ya sweta ya shule. Siku alipoolewa alimlilia mbwa kuliko alivyonililia mimi, na bado sijamsamehe. Kwa hiyo swali la kama Karani anakwenda au haendi halikuwepo kabisa. Swali lilikuwa hoteli ipi inapokea mbwa.

Niseme langu mapema, nisije nikaonekana mwerevu. Wiki tatu kabla ya Jumapili hiyo, Karani aliniuma. Nilikuwa nimeinama namnyooshea blanketi lake, kitu ninachokifanya kila siku ya Mungu, akageuka ghafla akanitia meno kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko. Halafu akajilaza, kichwa kakificha, anatetemeka. Sikumpiga. Nilikaa sakafuni nikalia, si kwa maumivu, kwa uchungu. Kadi yake ya chanjo imejaa mihuri, lakini nilikwenda zahanati hata hivyo, nikachomwa sindano, nikarudi kama mtu aliyetoka kununua uzi. Mume wangu alipoiona bandeji nikamwambia ni pasi. Mimi ni fundi cherehani, pasi imenichoma miaka thelathini. Nani angebisha?

Nilidanganya kwa sababu namjua mume wangu. Mbwa wa jirani alipomuuma bwana wake, mzee wangu alisema wazi, tena mbele ya watu, kwamba mbwa akishamuuma mtu wa nyumbani hana tena mahali nyumbani. Na yeye akisema amesema. Angempeleka Karani akadungwe ile sindano ya mwisho, kisha angerudi kwenye kibanda chake cha kukatia vioo, mahali ambapo wawili hao hushinda pamoja tangu asubuhi, na angebaki humo anaongea peke yake hadi azeeke. Sikutaka kuliona hilo. Basi nikafunga mdomo wangu, na mdomo wangu, waulize watu, haufungiki kirahisi.

Lakini mtoto anatambaa. Hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Siku saba ndani ya nyumba moja, meno yale na uso ule mdogo, wote sakafuni. Mkono wangu ulipona. Uso wa mtoto ungeponaje?

Kwa hiyo nikaanza kuchagua. Hoteli ya kwanza ina bwawa. Nikasema Karani ataingia majini, atashindwa kutoka. Ya pili ina bustani nzuri na mbwa wanalala chumbani na wenyewe, miguuni pa kitanda. Nikasema mapazia yake mabaya.

"Mapazia?" akauliza mume wangu.

"Mimi ni fundi. Siwezi kulala wiki nzima naangalia pindo lililokaa upande."

Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Akakichukua kile kipeperushi, akakikunja mara mbili na kukitia mfukoni, akasema ni kweli, hata yeye hakuyapenda. Mtu huyu hajui rangi ya mapazia ya chumba chake mwenyewe.

Nikafika kwenye ya sita. Imeandikwa kwa herufi ndogo: mbwa hulala kwenye mabanda yao, ng'ambo ya bustani, chini ya uangalizi, na hawaingii vyumbani. Nikaisoma kwa sauti, nikisubiri mzee apinge. Karani amelala juu ya miguu ya mtu huyu miaka kumi na nne. Ukimtenganisha naye usiku mmoja ni ugomvi.

"Hiyo hiyo," akasema. "Tupige simu."

"Utaweza kulala bila yeye?"

"Na yeye anahitaji likizo yake, mama. Tupige simu."

Hapo nilipaswa kushtuka. Nilishtuka, lakini nikafurahi zaidi kuliko nilivyoshtuka, na furaha ya namna hiyo humfanya mtu mjinga.

Wakati wote huo binti alikuwa amekaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, mtoto mapajani. Alikuja saa sita mchana, ikawa saa tisa, na mtoto hakugusa sakafu hata mara moja. Anajinyonga, analia, ananyoosha mikono kuelekea chini, mama yake anamhamisha bega hili, anampeleka bega lile. Siku nyingine ningeshasema, wewe, unamzoesha kubebwa, kesho utapika na nani mgongoni? Siku hiyo sikusema. Na babu yake, ambaye kwa kawaida humnyang'anya mtoto tangu mlangoni na kulala naye sakafuni wakivuta magari ya vifuniko vya chupa, naye hakusema. Karani alikuwa amelala pembeni ya kabati, jicho moja limefumba, lile la kushoto liko wazi nusu, lina ukungu. Uzee, tulishasema.

Mume wangu akapiga simu, akaweka spika ili wote tusikie. Dada wa mapokezi alikuwa na sauti ya upole na maswali mengi. Uzito wa mbwa. Umri. Chanjo. Anakula nini. Anabweka usiku? Mzee anajibu, mimi nasahihisha, mambo yanakwenda.

"Swali la mwisho, wazazi wangu," akasema. "Amewahi kumuuma mtu? Hata kidogo, hata mtu wa nyumbani?"

"Hapana," nikasema.

"Hapana," akasema mume wangu.

Tulilitoa neno kwa pamoja, haraka mno, kama wanafunzi wawili walioulizwa nani amevunja dirisha. Nikamtazama. Akanitazama. Alikuwa ameshika meza kwa mkono wake wa kulia, na nikaliona lile kovu kati ya kidole gumba na cha pili, ambalo miezi miwili iliyopita aliniambia ni kioo kimemkata. Nimeishi na fundi vioo. Kioo kinakata mstari. Lile kovu lilikuwa vishimo vinne.

Sijui nilikuwa naangalia wapi miezi miwili yote hiyo. Nikapandisha mkono wa gauni hadi kiwikoni, nikauweka mkono wangu mezani karibu na wake. Aliutazama muda mrefu, uso ukamshuka.

"Pasi," akasema.

"Kioo," nikamjibu.

"Nilimwekea bakuli tu. Nilijua nikikwambia utamwambia binti yetu, naye hatakuja tena na mjukuu. Na nilishasema yale maneno, mbele ya watu."

"Haloo?" akasema dada wa simu. "Niandike hapana?"

Nikapiga moyo konde. "Futa, mwanangu. Andika ndiyo. Andika mara mbili."

"Mara tatu," akasema binti.

Tuligeuka wote. Alikuwa amempakata mtoto kwa nguvu, machozi yanamtoka bila sauti, na mguu mmoja ameutoa kwenye ndala. Nilikuwa nimezilalamikia hizo ndala kwa miezi minne, nikimwambia mwalimu mzima haendi kazini na ndala, naye akinijibu kwamba viatu vipya vimemchubua kisigino. Hakikuwa kiatu.

"Nilipita karibu yake tu," akasema. "Siku ile nilipokuja kuchukua kitanda cha mtoto. Nikasema nikiwaambia, baba atamuua, halafu baba mwenyewe atakufa. Basi nikawa namshika mtoto tu. Mikono inaniuma, mama. Wiki nzima ningemshika vipi?"

Nilitaka kumgombeza. Neno lilishafika mdomoni: wewe mama wa namna gani. Halafu nikakumbuka mimi ni bibi wa namna gani, nikalimeza. Sote watatu tulikuwa tunampeleka mbwa likizo kwa ajili ya mwenzetu, na hakuna hata mmoja aliyemtaka huko. Na mtoto ndiye angelipa.

Dada wa mapokezi alisema pole, hawawezi kumpokea, akakata simu kwa adabu.

Binti ndiye aliyeuliza, baada ya kupenga kamasi. "Wewe ulikuwa upande gani wake?"

Nikafikiri. Kushoto. Mzee akafikiri, akasogeza mkono hewani kama anaweka bakuli. Kushoto. Binti alikuwa amepita kushoto. Mume wangu akainuka, akachuchumaa mbele ya Karani, akampungia mkono karibu na lile jicho lenye ukungu. Halikupepesa. Akamgusa taratibu pembeni yake, juu ya shavu, na mbwa akalia, mlio mwembamba ambao sijawahi kumsikia nao. Mzee akaurudisha mkono wake kifuani.

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari wa wanyama, watatu, mtoto tumemwacha kwa jirani. Daktari ni mwanamke asiye na maneno mengi. Alipima macho yote mawili, akasema ni presha ya macho, ya kushoto imepanda vibaya sana. Akasema maumivu yake ni kama kichwa kinapasuliwa kutoka ndani, na mnyama mwenye maumivu hayo akiguswa kwa upande asiouona, anauma. Jicho hilo litolewe leo. La kulia linafuata, atampa dawa, lakini asitudanganye, nalo litapofuka.

"Alianza lini kubadilika?" akauliza, kalamu mkononi.

Mimi nikasema wiki tatu. Mume wangu akasema miezi miwili. Binti akasema miezi minne. Daktari akatutazama mmoja mmoja.

"Ninyi mnaishi mbalimbali?"

"Hapana," nikasema. "Nyumba moja. Huyu yuko mtaa wa pili."

"Mngemleta mara ya kwanza, ningeyaokoa yote mawili."

Aliandika miezi minne. Mume wangu alitoka nje, akasimama ukutani ameupa mgongo mlango. Sikumfuata.

Likizo tuliila nyumbani. Binti alihamia kwetu wiki ile ile, na Karani alirudi akiwa ameshonwa upande mmoja na anagonga miguu ya viti. Siku mbili mzee alijifungia kibandani. Siku ya tatu akatoka na kioo kinene kilichosuguliwa kingo, urefu hadi kiunoni, akakifunga kwenye mlango kati ya sebule na chumba cha nyuma kwa bawaba zinazofunguka upande mmoja. Mtoto huku, mbwa kule.

Kazi yake ni safi, siwezi kusema vinginevyo, lakini chini alikuwa ameacha uwazi wa vidole viwili.

"Umekosea kipimo, baba," nikamwambia. "Huku chini pana nafasi."

"Sijakosea. Kioo ni cha mtoto, ili amwone. Ile nafasi ni ya Karani."

Mtoto alitambaa moja kwa moja hadi pale, akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo, akacheka. Upande wa pili Karani alisimama, kichwa kaelekeza kusiko, anatafuta. Kisha akajilaza polepole, akasukuma pua kwenye ule uwazi, akaanza kumkagua, miguu kwanza, muda mrefu, kama afanyavyo kwa wageni wote. Binti alikuwa amekaa kitini, mikono imelala mapajani, mitupu. Mimi nikarudi kwenye cherehani.