Bluberi na Makonyo Yake

Safari nzima kutoka Kenton wale wanawake wawili hawakusemezana hata neno moja, lakini hawakunyamaza.

"Raya, mwambie huyo kikapu chake kinanikwaruza mguu," alisema Bi Nasim, uso ameuelekeza dirishani.

Masi, aliyekaa mkabala naye, magoti yao nusura yagusane, hakukisogeza kikapu. "Raya, mwambie mama yako kikapu hakina miguu. Mwenye miguu ndiye asogee."

Raya aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta tiketi ya treni mkobani. Abiria wa upande wa pili alikuwa akiwatazama, na Raya alikuwa mtu wa haya. Alifundisha watoto wadogo kwa sababu hao ndio pekee ambao macho yao hayakumtisha.

Jina la Masi lilikuwa Bhanu. Raya alimwita Masi tangu alipojua kusema, kama watoto wa Kihindi wanavyomwita dada wa mama, ingawa Bhanu na Bi Nasim hawakuwa ndugu. Walikuwa watoto wa ua mmoja kule Wete, Pemba. Baba yake Nasim alikuwa na mikarafuu. Baba yake Bhanu alikuwa na duka ubavuni mwa nyumba ya akina Nasim. Kwa akina Nasim wakubwa walipenda kusema Kiarabu, kwa akina Bhanu Kigujarati, na baina yao wawili hao kulikuwa na Kiswahili tu. Yakaja mapinduzi, yakawatawanya. Miaka ikapita, kila mmoja akaolewa kivyake, hadi siku moja Bi Nasim aliposikia ndani ya duka la mboga la Kenton, huku ughaibuni, mwanamke wa Kihindi akimgombeza muuzaji kwa Kiswahili cha Pemba kitupu: "Muhogo gani huu, umekuwa kuni?" Aligeuka. Bamia zilimdondoka mkononi. Tangu hapo Raya akalelewa na mama wawili.

Sasa Masi alikuwa akihama. Mwanawe, Ramesh, alikuwa Canada, mkewe amejifungua, na Masi alikuwa mjane katika nyumba tupu. Alhamisi angepanda ndege, na haikuwa safari ya kwenda na kurudi. Hilo Bi Nasim angelistahimili. Lililomshinda ni kwamba habari hiyo hakuisikia kwa Bhanu. Aliisikia kwa Vinod, mwenye duka, wakati akimpimia mchele.

"Vinod!" alimwambia Raya siku hiyo, mkoba bado begani. "Mtu wa mchele ndiye ananipa habari za shoga yangu!"

Hakumpigia Bhanu simu kuuliza. Bhanu naye, alipojua kuwa imejulikana, aliona haya kuja. Haya ya huyu ikawa kiburi machoni pa yule, na majira yote ya joto yakaenda hivyo. Raya alijua Alhamisi ikifika wakiwa hivi, ndiyo basi. Watu wa umri ule hawavuki bahari kuja kuomba radhi. Wangekufa wamenuniana, mmoja huku, mwingine kule, na yeye katikati hana wa kumwita.

Mara nyingi alijaribu kusema. Kila mara aliishia kuuliza habari za afya.

Ndipo Margaret, mwalimu mwenzake, mama wa Kiingereza aliyeishi chini ya vilima vya Surrey, alipomwambia kwamba bluberi za mwituni zimeiva kilimani kwao na hakuna wa kuzichuma. Raya alimwalika mama yake. Kisha akamwalika Masi. Hakumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Walipokutana kituoni, kila mmoja na kikapu chake, nusura wageuke wote wawili. Lakini kugeuka kwanza kungekuwa kushindwa, basi wakapanda.

Margaret aliwapokea na gari, akawapandisha hadi juu, mahali misonobari inapokoma na uwanda wazi kuanza. Vichaka vilikuwa vifupi, havipiti goti, vimetanda kilima kizima. Ukivitazama kwa mbali ni majani tu. Ukiinama, ndipo unaona: vitunda vyeusi vyenye ukungu wa bluu, vidogo kuliko punje ya njugu.

"Zambarau hizi," alisema Bi Nasim, akaonja. "Mwambie huyo ni kama zambarau zilizokosa kukua."

"Mwambie nina ulimi wangu," alisema Masi, naye akaonja. Wote wawili midomo ikawa ya bluu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kucheka.

Margaret aliwaambia wachume wapendavyo, kwani hakuna aliyezipanda, akaenda kumtembeza mbwa wake. Raya alikaa juu ya jiwe. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kubeba salamu, si kuchuma.

Ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mama yake aliinama, akapitisha vidole chini ya kijiti, akakunja kifundo cha mkono. Tak! Kijiti kikakatika na majani yake na vitunda vyake, kikatua kikapuni. Tak, tena. Upande wa pili wa kichaka, Masi alikuwa akifanya vilevile, kwa mkunjo uleule wa mkono, kwa mwendo uleule, kama watu wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Wala hawakutazamana. Mama yake, ambaye jikoni alilalamika vidole vimekufa ganzi, alikuwa akichuma kama msichana. Vikapu vilijaa, wakatoa mifuko, nayo ikajaa. Raya aliwatazama kwa furaha, wala hakujua kuwa kuna kosa.

Margaret aliporudi alisimama ghafla. Mkono ukamwendea mdomoni. Nyuma ya wale wanawake wawili kichaka kilikuwa kimenyolewa.

Hakugomba. Alieleza kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza cha upole ambacho kiliuma zaidi ya makelele, kwamba huchumwa tunda tu, kwa ncha za vidole. Kijiti huachwa, kwa kuwa mwakani kitazaa tena. Kisha akachungulia ndani ya mfuko mmoja, akaongeza kwamba zikikaa na vijiti vyake hivyo zitapondana, na kesho zitakuwa uji mchachu. Lazima zisafishwe leo.

Bi Nasim aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Raya," alisema taratibu, "mwambie huyo nani aliyeanza kuvunja."

"Mwambie mimi nilimwona yeye, nikafuata."

"Mwambie na mimi nilimwona yeye!"

"Basi mwambie aliyetufundisha ni baba yake. 'Karafuu haichumwi mojamoja kama chawa. Vunja na konyo lake, utachambua nyumbani.' Si ndivyo alivyokuwa akisema?"

"Mwambie amwache baba yangu kaburini."

Lakini sauti ya Bi Nasim ilikuwa imelegea. Raya alimwomba Margaret radhi, akiwa mwekundu hadi masikioni, na Margaret akampigapiga begani, akasema kilima ni kikubwa, kitapona.

Waliporudi Kenton jua lilikuwa bado juu, kama lilivyo majira hayo. Kwenye njia panda inayotenganisha mitaa yao, Masi alichukua mifuko yake, akakata kushoto. Alikuwa amepiga hatua chache Raya aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Masi, utazichambulia wapi? Huna hata sinia."

Masi alisimama. Ni kweli. Vyombo vyake vyote vilikwisha fungwa na kuondoka kwa meli. Nyumbani kulibaki godoro, kikombe na sanduku. Mfuko mmoja ulikuwa umeanza kudondosha matone ya zambarau barabarani.

Bi Nasim alitazama matone yale, si mtu. "Mwambie jamvi lipo," alisema, akatangulia.

Jamvi lile hutandikwa Ramadhani kwa futari. Bi Nasim alilitandika sebuleni, akamwaga vikapu na mifuko katikati, rundo la majani na vijiti na vitunda. Wakakaa, huyu huku, huyu kule, wakaanza kuchambua. Vitunda kwenye sinia, vijiti, yaani makonyo, pembeni.

Raya aliwahi kusikia habari za jamvi la Wete. Karafuu hazikulazwa na makonyo yake. Zilizochumwa leo zilichambuliwa leo, kwani zikilala hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo hakuna aliyesusa jamvi, hata mwenye ugomvi. Mkwe alikaa na mavyaa, mama wa mumewe, jirani na jirani aliyemrogea kuku wake. Na sharti la ua ule lilikuwa hili: jamvini mtu huruhusiwa kusema lolote lililomkaa moyoni. Makonyo yakitiwa guniani yakaondoka, na maneno yameondoka nayo. Atakayeyarudisha ndiye atafagia ua msimu mzima.

"Raya, mwambie mama yako anaacha majani kwenye sinia."

Raya aliinuka. "Naenda kupika chai," alisema.

Akaenda jikoni, akaegesha mlango, akaweka birika motoni. Maji yakachemka. Akazima moto. Akasimama pale pale, mgongo ukutani, wala hakurudi. Asiyeweza kusema anaweza kuondoka, na alitaka waone ikiwa wataweza bila tarishi.

Vijiti tu, pwa, pwa, juu ya jamvi.

"Vinod aliniuliza kwa nini sichukui tena mchele wa gunia," ilisema sauti ya Masi hatimaye. "Ikanitoka. Sikukusudia."

"Na kwangu, ilikushinda kukutoka?"

"Kila nikija nakukuta unapika, umenitilia sahani. Nasema, nitamwambia kesho."

"Mimi si mtoto, Bhanu. Mtu huagwa."

"Huagwa?" Masi alicheka kicheko kikavu. "Wewe uliniaga?"

Pwa, pwa za vijiti zilikoma.

"Kule Wete nilikuja kwenu asubuhi na sinia langu kama kila siku," Masi aliendelea. "Mlango wazi, nyumba haina mtu. Karafuu za jana mmeziacha jamvini na makonyo yake. Nikakaa nikachambua. Zote, Nasim, peke yangu. Nilidhani mmekwenda karibu, mkirudi mtafurahi. Jioni baba alikuja kuninyanyua."

Raya aliziba mdomo kwa mkono.

"Niliambiwa twenda harusini mjini Chake," alisema mama yake, kwa sauti ambayo Raya hakuijua. "Nilivaa gauni la harusi. Nililivaa mpaka Mombasa, bado nauliza bibi harusi yuko wapi. Hukuniambia hayo miaka yote hii."

"Ulikuwa umepotea ukapatikana. Aliyepatikana haulizwi."

Kisha kitu kizito kilisikika kikiburutwa juu ya ukili wa jamvi. Raya hakuweza kujizuia, akachungulia. Mama yake alikuwa amenyoosha mikono yote miwili na kulikumba rundo zima la mbele ya Masi, akilivutia kwake.

"Unafanya nini we?"

"Zile za Wete ulizichambua wewe. Hizi nachambua mimi. Kaa."

"Ni nyingi, utachoka."

"Kaa, nimesema!" Na mkono wa Masi uliponyooka kuchukua kijiti, ulipigwa kofi.

Basi Masi alikaa, mikono mapajani, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, na Bi Nasim alichambua mpaka konyo la mwisho. Chai ilipoa. Walipomaliza, Raya aliyatia makonyo kwenye mfuko, akayatoa nje ya nyumba.

Alhamisi walimsindikiza uwanja wa ndege. Tunda lile halitoki upesi. Kucha za wanawake wote wawili zilikuwa bado za bluu, na Ramesh, aliyekuja kumchukua mama yake, aliuliza kwa Kiingereza walikuwa wakipaka rangi nini. Wote wawili wakakunja vidole. Kwenye mlango ambao wasindikizaji hawaruhusiwi kupita, Masi aligeuka.

"Raya," alisema, "mwambie mama yako..."

Sauti yake ikaishia hapo.

Bi Nasim alikuwa amemshika Raya mkono, amemng'ang'ania. "Mwambie," alisema, "nimesikia."