Sakafu ya Chumba cha Binti

Mpima mionzi alitangulia, kifaa chake kimening'inia shingoni, kinatoa sauti: ta, ta, ta. Mume wangu akafuata, mimi nyuma nasukuma matawi. Msitu ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Ungeweza kusahau kwamba nyuma ya miti ile kuna mgodi wa zamani na mawe yake yenye sumu.

Mimi sikusahau. Binti yetu alishapoteza mimba mbili akiishi kwa mumewe, karibu kabisa na shimo la mgodi. Ya tatu ilipoingia nilimfuata mwenyewe nikamrudisha nyumbani. Daktari kamwamuru alale, asiguse kazi. Basi analala chumba chake cha utotoni, nami nimemwita huyu bwana anihakikishie tuko mbali vya kutosha.

Kwenye ukingo wa shimo kifaa kililia mfululizo. Mume wangu akaokota jiwe bapa, la manjano manjano, akaligeuza geuza. Mpimaji akamfokea alitupe.

Tulipoelekea nyumbani kelele zikapungua. Ta. Kimya. Ta.

"Mama, huku hakuna shida," mpimaji akasema.

Moyo ukanitulia, hata utani ukanirudia. "Mzee, mbona umekuwa kama umemwagiwa maji? Au shimo limekukumbusha ujana?"

Akaongeza mwendo, akijifuta viganja kwenye suruali. Yeye ni fundi mwashi, ana maneno kuliko redio. Kimya chake kikanikera.

Sebuleni kifaa kilitulia. Jikoni vilevile. Tukapiga hodi kwa binti, tukaingia, na kikalia kama kule shimoni.

Mpimaji akapiga magoti, akakisogeza chini ya kitanda. "Mawe ya sakafu hii yalitoka wapi?"

Nikamgeukia mume wangu. Mtu mzima, machozi yanamtiririka.

"Walipofunga mgodi waliyaacha tu," akasema. "Bapa, hayataki hata kuchongwa. Nilimchagulia mwanangu yale mazuri."

Nilitaka kumrarua. Mtoto alitambaa pale, akajifunzia kusimama pale, na juzijuzi nimemrudisha palepale kwa mkono wangu, nikamfunika shuka. 

Binti alikuwa ameketi kitandani, mikono tumboni, ananiangalia mimi tu.

"Mama," akasema polepole, "tangu jana asubuhi hachezi. Nilidhani amelala."