Kamba ya Upande wa Pili

Mimi ni mke wa Boaz, kwa hiyo usitegemee nimzungumzie Mageni kwa upole. Lakini nitajitahidi kusema mambo yalivyokuwa.

Generosa, yule msanii, alikuja Rwamgasa na lori la nyaya. Akasimamisha nguzo nne kwenye uwanja wa mnada, akaning'iniza juu madumu mia mbili ya njano yaliyokatwa midomo, yale yale ya kupandishia mawe kutoka maduarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu. Ndani ya kila dumu alifunga kipande cha chuma. Chini zilining'inia kamba kumi na mbili, mbilimbili: ukivuta ya upande huu, mtu wa upande wa pili anaisikia mkononi, na madumu yanacheza huko juu yakilia. Alisema ni sanaa ya watu wote. Nikamwambia watu wote wana kazi. Akacheka, akaagiza chai.

Alihitaji mtu anayejua kamba. Watu wakamtajia Mageni, kaka yake mume wangu. Walikosa mwingine, jamani.

Miaka sita iliyopita Mageni alikuwa mvuta kamba wa duara walilochimba pamoja. Sheria ya mvuta kamba ni moja: aliye chini akivuta mara mbili, huulizi, huchungulii, unamvuta mpaka uone kichwa chake. Siku ile ukuta ulimomonyoka. Boaz akavuta mara mbili, kisha mara mbili tena. Juu hapakuwa na mtu. Mageni alikuwa ameiacha kamba akaenda kutazama ugomvi kwenye duara la jirani. Boaz alikuja kutolewa na watu wengine, na mguu wake wa kushoto haujafanya kazi tangu siku hiyo.

Boaz naye hakumsemesha tena kaka yake. Mageni alikuja na sukari, akaja na kuku, akaja mikono mitupu akakaa uani kutwa nzima. Boaz alimpa mgongo. Mimi nilimchukia Mageni waziwazi, na kuku wake nikamla. Mwishowe nikachoka. Kuishi na jina lisilotajwa ndani ya nyumba kunachosha kuliko kuchota maji. Nilitaka waongee, hata kama ni kwa matusi.

Siku ya majaribio uwanja ulijaa wachimbaji. Generosa alimkabidhi Mageni kamba ya ng'ambo, karibu na zizi la mnada. Mageni aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

"Taratibu, wazee wangu," Generosa akatangaza. "Ni kugusa tu."

Kamba iliyounganishwa na ile ya Mageni ilining'inia kando ya meza yangu ya chai, na Boaz alikuwa amekaa hapo na kikombe chake. Alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Kisha akaliegemeza gongo lake mezani, akashika kamba.

"Baba Nelly, umeona nani yuko upande ule?" nikamuuliza.

"Nimeona," akasema.

Akavuta mara mbili.

Mageni alikita visigino ardhini, akavuta kwa mwili mzima, mkono baada ya mkono. Kamba ikamchomoka Boaz viganjani, ikapaa. Generosa akapaza sauti, "Mzee Mageni, basi! Inatosha!" Mageni hakusikia. Nyaya zikalegea, watu wakakimbilia pembeni, na madumu yakaanza kushuka, mawili, matano, kisha safu nzima. Moja likaangukia birika langu. Kazi ya miezi minne ilikuwa chini, na Generosa amejishika kichwa. Mageni hakutazama juu hata mara moja. Aliendelea kuvuta huku analia, kamba ikijikusanya miguuni pake.

Boaz akachukua gongo lake, akaanza kuvuka uwanja, akiyasukuma madumu kando. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia wala kumzuia, na mimi nilisimama na kitambaa changu cha meza mkononi.

Alipofika, aliweka mkono juu ya kamba.

"Acha sasa, kaka," akasema. "Nimeshatoka."