Aliyeitwa Siwatu

Shangazi alivaa viatu vyake vya ngozi, vile vya kuendea kwenye mambo mazito, akatoka nyumbani saa mbili kamili asubuhi kwenda kulifuta jina. Wenzake walistaafu ualimu wakafuga kuku. Yeye alistaafu akabaki na jina moja lililomkaa kooni miaka thelathini na sita, jina la mtoto wa kwanza wa marehemu kaka yake, na leo, mbele ya karani wa serikali, alikwenda kulitema.

Jina lenyewe ni Siwatu. Ni jina la kike, la zamani, na maana yake haihitaji kamusi: hao si watu. Hupewa mtoto anayezaliwa nyumba ikiwa imegombana na wengine, na hao wengine huwa wanajijua. Ndiyo raha ya jina la namna hiyo, kama raha ni neno lake. Adui hawezi kumwita mtoto bila kujitukana mwenyewe.

Basi Shangazi hakuita. Alimwita "binti", alimwita "wewe mtoto", alimwita "yule wa kaka", na hasira zikimzidi, "huyo wa kwao". Kwenye msiba wa kaka yake, miaka sita iliyopita, alipewa orodha ya watoto wa marehemu aisome mbele ya watu. Alipofika kwa mtoto wa kwanza alikohoa, akaendelea na wa pili. Waliokuwepo walidhani ni majonzi.

Wa kulaumiwa alikuwa mmoja tu, wifi yake. Shangazi alimlea kaka yake huyo tangu wazazi walipofariki, akamsomesha, akamvalisha, halafu akaja mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo akamchukua, na miezi saba baada ya harusi akajifungua mtoto wa kilo tatu na nusu. Miezi saba, kilo tatu na nusu. Shangazi alikuwa mwalimu wa hesabu. Wifi akaambiwa yale aliyoambiwa, akakasirika, akamtundika mtoto tusi badala ya jina. Hivyo ndivyo Shangazi alivyoisimulia habari hiyo kwa yeyote aliyekaa karibu naye zaidi ya dakika kumi.

Wiki iliyotangulia alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye karakana ya huyo binti. Ni chumba kimoja cha kutengenezea mafriji, mabovu yamepangwa ukutani milango wazi, mitungi ya gesi kwenye kona, na juu ya meza nyaya zimetoka kwenye kompresa kama utumbo. Wateja walimwita fundi huyo Baridi, kwa sababu ya kazi yake na kidogo kwa sababu ya uso wake. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji akiunganisha bomba la shaba kwa moto.

"Nimesikia unanitafuta," Shangazi alisema. Hakukaa. Kiti kilichokuwepo kilikuwa na grisi.

"Nahitaji shahidi," Baridi alijibu bila kuinuka. "Ghala la dawa wanataka fundi wa vyumba vya baridi, kazi ya kudumu. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, na lazima niwe na cheti cha kuzaliwa. Sikuwahi kuandikishwa."

"Mama yako si yupo?"

"Wanataka ndugu wa damu upande wa baba, aliyekuwa mtu mzima nilipozaliwa. Shangazi mdogo keshafariki. Umebaki wewe."

"Kumbe leo mimi ni damu."

Baridi alizima moto, akavua miwani ya kazi, akamtazama. Hapakuwa na heshima nyingi katika kutazama kule, na Shangazi alikuwa ameitegemea hiyo heshima angalau kidogo.

"Nitakuja," Shangazi akasema, "lakini cheti kitaandikwa jina la bibi yako, mama yake baba yako. Hilo la kwenu libaki humu humu na mafriji mabovu."

"Nina miaka thelathini na sita, Shangazi. Nibadili jina leo?"

"Kazi ni yako. Mimi nina pensheni yangu."

"Nitamuuliza mama."

"Muulize. Yeye ndiye mwenye ulimi."

Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu: Sawa. Jumatano saa tatu. Jina la bibi. Shangazi aliusoma mara nne, akaenda kupika chai, akarudi akausoma tena. Wifi alikuwa amesalimu amri. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na haikuwa nzuri.

Ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa ghorofa ya kwanza. Kulikuwa na benchi refu lililolika katikati, feni iliyozunguka kwa kujisikia, na karani mwenye miwani ya kamba aliyependa maongezi kuliko foleni. Baridi alikuwa amefika, na sare yake ya kazi, amepakata faili la plastiki. Walisalimiana kwa videvu.

Karani alimwapisha Shangazi kwanza. Aliinua mkono, akasema atakayosema ni kweli tupu, akaketi akijinyoosha gauni.

"Ulikuwepo alipozaliwa?"

"Alizaliwa hospitali. Nyumbani kwetu waliletwa siku ya tatu, na siku hiyo mimi nilikuwa safarini."

Karani akaandika: alikuwa safarini. Safari hiyo Shangazi alikuwa ameisimulia mara nyingi hivi kwamba angeweza kukutajia aliyekaa kiti cha mbele yake.

"Jina analotumia mpaka sasa?"

Shangazi aliutazama ukuta. Feni ilizunguka.

"Siwatu," Baridi alisema.

Karani alibofya kompyuta, akaingiza uso kwenye kioo. "Hebu ona. Wilaya nzima wameandikishwa wanane, wewe utakuwa wa tisa, na ndiye mdogo kuliko wote. Majina haya watu wameyaacha, jamani. Zamani mtu akisemwa na majirani anamwita mwanawe Semeni, akiteseka anamwita Tabu. Siku hizi wanatafuta kwenye simu, jina zuri, halina habari yoyote ndani." Akageukia karatasi. "Na hili jipya ni la bibi? Hili sasa ukiliita sokoni wanageuka wanawake sita. Utapotea, dada."

"Ndilo tunalolitaka," Shangazi alisema.

"Sikatai, mama. Ila nauliza tu, huyu mzazi aligombana na nani?"

"Mama yake aligombana na kila mtu."

Baridi alikunja vidole vya mkono wake juu ya faili. Shangazi aliuona ule mkono, mgumu, una alama ya kuungua, akafurahi kwamba umekunjwa.

Karani alitaka kiambatisho, karatasi yoyote ya zamani yenye jina la mwanzo. Baridi akatoa cheti cha shule ya msingi. Karani akatikisa kichwa. Hicho ni cha mtoto mkubwa, kanuni inataka cha utotoni. Kadi ya kliniki hana?

"Sina," Baridi alisema.

Lakini mwalimu wa miaka thelathini na mbili haachi kuona kinachofichwa chini ya dawati. Ndani ya plastiki, nyuma ya karatasi nyingine, palichungulia ncha ya kitu cha kijani, kimechakaa kwenye mikunjo.

"Hiyo ya kijani ni nini?"

"Hiyo siyo."

"Si kadi hiyo? Mpe karani."

"Shangazi, iache."

"Mpe aone. Unamficha nani? Aone mama yako alivyoandika matusi kwenye karatasi ya hospitali."

"Nakuomba, iache." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumwomba kitu kwa sauti ile, na Shangazi, badala ya kuisikia, alisikia ushindi. Alinyoosha mkono akaivuta. Baridi angeweza kumzuia. Mtu anayebeba kompresa peke yake hashindwi na kikongwe. Alikishika kile kitu kwa muda kidogo, kisha akakiachia.

Shangazi aliifungua kadi mezani na kuigeuza upande wa karani, kidole kimeshatangulia kuonyesha. Kwenye sehemu ya juu, ile ambayo mzazi alijaza mwenyewe, wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka. Jina la mtoto: Siwatu.

Herufi ya kwanza ilikuwa imeanzwa kutoka chini kwenda juu.

Hakuna anayeandika hivyo. Katika maelfu ya madaftari aliyosahihisha alimjua mtu mmoja tu, mvulana wa miaka sita aliyekaa miguuni pake jioni baada ya jioni na penseli iliyokatwa nusu, aliyeshikwa mkono, akabembelezwa, akachapwa rula kwenye vidole, na bado akaianza herufi hiyo kutoka chini. Shangazi alishuka mistari. Tarehe. Uzito. Amejaza: baba wa mtoto. Na saini, ile saini ya madaha aliyojizoeza kwenye magazeti ya zamani alipopata kazi yake ya kwanza.

Aliurudisha mkono wake mapajani.

"Mama alisema usionyeshwe," Baridi alisema. Sasa hakuwa na sababu ya kupunguza sauti, na hakuipunguza. "Alisema afadhali nibadili jina kuliko wewe uione hiyo kadi. Nimebishana naye siku mbili kwa ajili yako. Wewe."

"Baba yako alimwandikia tu. Alimwambia aandike."

"Mama alitaka niitwe jina la bibi. Hilo hilo unalolitaka. Baba akakataa. Akasema, watu waliomfanyia hivi mke wangu si watu, na kila wakimwita huyu mtoto watakumbuka. Baadaye alitaka kuja kukwambia uso kwa uso. Mama akamkataza. Alisema huna mtu mwingine wa kunywa naye chai Jumapili, basi bora umchukie yeye."

Miaka thelathini ya Jumapili, kaka yake amekaa kwenye kiti kile kile, ametoa viatu, anamsikiliza dada yake akimsema mkewe. Hakuwahi kumtetea hata mara moja. Shangazi siku zote alihesabu kimya kile kuwa ni kukubaliana naye.

Karani alikuwa amevua miwani. Aliivaa tena. "Sasa, mama, niendelee? Kadi imetosha. Jina jipya naliandika kama mlivyokubaliana?"

"Andika," Baridi alisema. "La bibi. Nina friji tatu zinanisubiri."

"Andika lililo kwenye kadi," Shangazi alisema.

"Nani amekuomba?" Baridi alimgeukia. "Sharti ni lako. Umenitoa kazini, umemliza mama yangu, umepata ulichotaka. Sasa unataka na kunionea huruma?"

"Sikuonei huruma. Mimi ndiye shahidi. Nimeapa kusema ninachokijua, na ninalolijua ni hilo."

"Litaje basi."

Shangazi alifungua mdomo. Neno ni fupi, silabi tatu, mtoto wa darasa la kwanza analisoma. Lilimchukua muda hadi karani akajifanya anapanga pini.

"Siwatu," alisema. "Anaitwa Siwatu, binti wa kaka yangu wa tumbo moja."

Karani akaandika haraka, kabla watu hawa hawajabadili mawazo tena, akaisukuma hati ya kiapo mbele aitie saini. Shangazi alishika kalamu. Kwa mazoea ya kazi akaisoma kwanza kuanzia juu, akafika mstari wa nne, akaiweka kalamu chini.

"Hapa futa. Sikuwa safarini."

"Haina neno, mama, hiyo haiathiri cheti."

"Futa uandike. Nilikuwa nyumbani. Mama yake alifika naye saa mbili asubuhi, amembeba kwenye kitenge, akakuta nimebadilisha kitasa. Alikaa kizingitini mpaka kaka yangu aliporudi kazini, saa kumi na moja jioni. Jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango huo huo, nimeketi kwenye kigoda."

Kwenye benchi watu wa foleni walikuwa wameacha kuzungumza. Karani alishusha sauti. "Yote haya niandike?"

"Yote."

Karani akaandika. Baridi hakuketi tena. Alikuwa amesimama amekumbatia faili lake, na uso ambao wateja waliufanyia jina ulikuwa umebadilika, ila si kwa upande ambao Shangazi, katika moyo wake wa kizee, alikuwa ameanza kuutumaini.

"Kumbe ulikuwa macho," alisema. "Mama tangu nina akili ananiambia ulikuwa mgonjwa siku ile. Kwamba ulimeza dawa, usingizi ukakuchukua, hukusikia mtu akigonga."

Shangazi alitia saini, akaiandika tarehe, akairudisha kalamu mahali pake.

"Sikulala," alisema. "Nilimsikia anakubembeleza."

Baridi aliisubiri karatasi ipigwe muhuri, akaichukua, akamshukuru karani, akashuka ngazi.