Mdomo Uliofichwa Chumbani

Binti wa mwisho wa mama mmoja mjane alirudi kutoka saluni saa nane mchana, amejifunika kitambaa hadi puani. Mama alikuwa akipanga viti sebuleni. Wenzake wa kikundi cha sala walikuwa njiani.

"Hebu funua nikuone."

Alipofunua, mama alishika kiuno. "Haya! Umeumwa na nyuki au umegombana na mlango?"

"Mama, ndio mtindo siku hizi. Ni sindano ya kujaza midomo tu. Msusi amejifunza kwenye simu."

"Kwenye simu! Basi na mimi niendeshe ndege, nimeziona nyingi zikipita."

Lakini mama alikuwa na jicho. Upande wa kushoto wa mdomo wa juu ulikuwa umepauka kama majivu, na binti alikuwa akiuma meno kwa maumivu. Moyo ukamwambia huu si uvimbe wa kawaida. Mara hodi ikapigwa.

Mwezi mzima alikuwa akiwaasa mabinti wa wenzake waache kujichubua na kujiremba kupita kiasi. Leo waje wamwone huyu? Akamsukuma chumbani, akampa barafu. "Umejitakia mwenyewe. Tulia humo, hata kukohoa usikohoe."

Sala na mazungumzo vilichukua saa nne. Nesi mstaafu, mmoja wa wanakikundi, alikaa kiti cha mwisho, mgongo wake karibu uguse mlango wa chumba. Mama aliongoza nyimbo kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kilio kisisikike.

Usiku ule, wageni walipokwisha kuondoka, hospitalini daktari alisema ile dawa imeziba mshipa wa damu. Sindano ya kuiyeyusha ipo, ila lazima iwahiwe. Na barafu ilizidi kuubana mshipa. Waliokoa walichoweza. Kovu likauvuta mdomo juu, upande mmoja.

Wiki ya tatu nesi alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Dada, si nilikuwa hapahapa? Ungenigusa bega tu."

Mama akafumbua kinywa. Binti akamuwahi, maneno yakimtoka kwa shida: "Mimi ndiye niliyemkataza, shangazi. Niliona haya."

Nesi akamtazama msichana, akasikitika. "Ujana huu, jamani!"

Mungu alikwisha kuambiwa ukweli na mama, kila alfajiri, kwa machozi. Nesi alihitaji sentensi moja tu. Mama akainuka, akaenda kubandika chai.