Kitoto cha Mbuzi Mgongoni

Fundi mmoja wa makochi alikuwa na jibu moja kwa kila mwaliko wa mkewe: kazi zimenibana. Kwa hiyo mkewe, karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, alipomwambia kwamba wafanyakazi wote wanakwenda shambani na wenzi wao kufanya yoga na mbuzi, hakutegemea lolote.

"Yoga na mbuzi?" Fundi akacheka. "Haya, hiyo sikosi."

Mkewe alifurahi mpaka akanunua suruali mpya ya mazoezi. Tangu alipougua mwaka uliopita dawa zilikuwa zimemnenepesha, na nguo zake nyingi alishawagawia ndugu. Asubuhi ile alijigeuzageuza mbele ya kioo.

"Niko sawa, baba watoto?"

"Uko sawa," Fundi akajibu, huku akitafuta funguo za gari.

Shambani walitandika mikeka kwenye nyasi. Mwalimu, dada mmoja mpole, akawaambia wapige magoti, waweke viganja chini, migongo iwe kama meza. Kisha vitoto vya mbuzi vikafunguliwa. Kimoja kikatafuna kamba za viatu vya daktari, kingine kikamkojolea mhasibu, watu wakacheka hoi. Cha tatu, cheusi, kikamrukia mke wa Fundi mgongoni, kikatulia tuli. Mama wa watu akatabasamu. Fundi hakuwa ameuona uso ule siku nyingi.

Angenyamaza tu. Lakini watu walikuwa wanacheka, naye sifa ya uchekeshaji aliipenda.

"Huyo hashuki leo!" akasema kwa sauti. "Kashapata uwanja wa mpira!"

Wengine walicheka, wengine wakaangalia chini. Mkewe naye alicheka, tena akawa wa mwisho kucheka. Kisha akajiinamisha taratibu mpaka mbuzi akashuka, akajifunga sweta kiunoni, akaenda kukaa pembeni.

Njiani kurudi Fundi akasema, "Ulikuwa utani tu, mama."

"Najua. Ndiyo maana nilicheka."

Hakununa, wala hakumnyima salamu. Ila hakumwalika tena popote. Wenzake wa kliniki walipokwenda tena shambani, alikwenda na mdogo wake, amevaa shati pana la kufika magotini. Kila Fundi alipoliona shati lile, moyo ulimchoma. Ulimi hauna mfupa, na neno lake lililotoka halikuwa na njia ya kurudi.

Jumamosi moja hakufungua karakana. Akavaa raba, akamsubiri mkewe sebuleni.

"Nisamehe kwa yale maneno. Leo twende wote shambani."

"Nilishakusamehe zamani. Ila naenda na mdogo wangu."

"Hata nafasi ya tatu haipo?"

Mkewe alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Ipo. Lakini nitashinda nakutegea sikio, utasema nini."

Jioni Fundi alisikia vicheko vya wanawake wawili nje, akaenda kuwafungulia. Walipomwona, kicheko kikashuka taratibu, kikawa salamu.