Watoto Wanne wa Chupa Moja

Mashine ilipomaliza kusoma damu za watoto arobaini, vishimo vinne vya sahani ya vipimo vilibaki vyeupe. Damu yenye kinga ingegeuka manjano. Apolline, muuguzi aliyewachanja, hakuhitaji kutazama orodha. Majina ya watoto hao wanne alikuwa ameyajua kwa wiki sita.

Asubuhi moja, wiki sita nyuma, katika kambi ya wakimbizi karibu na Lac Vert, alichanganya chupa ya chanjo ya pamoja ya surua na rubela. Alipokwisha kuchanja watoto sita, makombora yakaanza kuanguka upande wa Sake, kila mtu akalala chini. Utulivu uliporejea jua lilikuwa limepinduka, barafu ya kuipoza chanjo imeyeyuka, na chupa ilipaswa kutupwa. Lakini akina mama wanne walikuwa wamerudi kwenye foleni, na chupa nyingine haikuwapo. Aliwachanja watoto wao, kisha akaandika daftarini saa ya uongo ya kuchanja.

“Ni njaa,” alisema Dokta Damien, mkuu wa utafiti, akifunga begi lake. Nje watu walipita na magodoro vichwani, wakielekea mpakani. Waasi walikuwa wameukaribia mji. “Mwili usiokula hauipokei chanjo. Andika utapiamlo, tuondoke.”

Maelezo hayo yangekubaliwa na kila mtu. Apolline akashika kalamu, kisha akaiweka chini. Surua ilikuwa imeingia kambini. Watoto wawili walizikwa jana.

“Si njaa, Dokta. Ni mimi.”

Alipomaliza kueleza, Damien aliketi juu ya begi. Mshindo wa kombora ukatikisa vioo.

“Ungesema siku ileile, tungewarudia kesho yake.”

“Najua. Nitakwenda leo.”

Damien akafungua friji mwenyewe, akapanga chanjo na barafu kisandukuni. “Sitaweza kukungoja.”

“Usiningoje.”

Pikipiki ilimfikisha nusu ya njia, dereva akakataa kuendelea. Mlima ulipotema moto utotoni mwake, Apolline aliukimbia mji huu akiwa ndani ya umati, ameshika kitenge cha mama yake. Leo alitembea peke yake, akiupasua umati kifua mbele.

Kambini, Mukagasana, mmoja wa wale akina mama wanne, alikuwa akikunja turubai la kibanda chake, binti yake Umurerwa mgongoni.

“Mama muganga! Batu bote banakimbia, weye unakuja?”

“Chanjo niliyompa mtoto wako ilikuwa imeharibika. Nilijua, nikampa.”

Mikono ya Mukagasana ikasimama.

“Mutoto wa jirani yuko na surua,” alisema polepole. “Nilimulaza huyu pamoja naye. Nilisema, wangu alichanjwa.”

“Lini?”

“Jana mchana.”

“Basi chanjo inaweza kuuwahi ugonjwa. Pengine.”

“Pengine.” Mukagasana alilirudia neno hilo kama mtu anayelipima uzito. “Changanya hapa. Nione.”

Apolline alichanganya chanjo mbele yake. Mukagasana alifuata kila tone kwa macho, kisha akaufunua mkono wa mtoto mwenyewe. Umurerwa akalia kwa sauti kali, yenye nguvu.

“Wale watoto wengine watatu wako wapi?” Apolline aliuliza.

Mukagasana akaelekeza kidevu barabarani, ambako watu walisongamana hata lami haikuonekana. Akamfunga mtoto mgongoni, akajitwika turubai. Hakumtazama Apolline usoni.

“Weye hutawatambua. Mimi ninawajua,” alisema, akatangulia.